Jina Mwishoni mwa Gemu

Mniko alianza kucheza Orveth mwaka ule alioanguka kutoka juu ya nyumba ya watu pale Bweri, akiwa anafunga nyaya za umeme. Mfupa wa paja ulivunjika sehemu mbili. Kwa miezi tisa hakutoka nje bila magongo. Shemeji yake alimwachia kompyuta yenye gemu hiyo ili asiwe anatazama dari kutwa, naye aliipokea kwa shingo upande, maana alijua gemu ni mambo ya watoto.

Lakini katika nchi ya Orveth aliweza kutembea. Alipanda milima yenye theluji, akavuka mito kwa miguu yake miwili, akajenga nyumba ya mawe kando ya bwawa na kulima vitunguu nyuma yake. Jirani yake huko alikuwa bibi mmoja mganga wa mitishamba, jina lake Sarna. Kwa kuwa shujaa wa gemu alijeruhiwa mwanzoni mwa hadithi, kila Mniko aliporudi kutoka safarini Sarna alimwuliza kama mguu bado unamsumbua. Ilikuwa ni maandishi tu kwenye kioo, tena ya Kiingereza. Hata hivyo kuna siku Mniko alirudi kwa yule bibi kwa sababu hiyo tu, aulizwe. Judith, mke wake, alikuwa anafundisha shule ya msingi, akirudi jioni. Kutwa nzima hakukuwa na mwingine wa kuuliza.

Alipopona alirudi kwenye ufundi wake, lakini Orveth hakuiacha. Alifungua chaneli ya video, akawa anasimulia gemu ile kwa Kiswahili kwa sauti yake nzito, na watu elfu sita wakajisajili. Kampuni ilipotangaza kwamba sehemu ya pili inakuja, na kwamba safari hii itakuwa na Kiswahili ndani yake, Mniko alirekodi video akiwa na machozi. Walisubiri miaka minne.

Siku ilipotoka alifunga safari hadi Bunda, kwa rafiki yake Felisian mwenye duka la kuchapa na intaneti ya kasi. Gemu ilikuwa kubwa mno, ilichukua siku moja na nusu kushuka kutoka mtandaoni. Mniko alirudi Musoma ameikumbatia kompyuta kifuani.

Aliicheza juma zima, kila alipotoka kazini. Siku ya kwanza alijiambia bado hajaizoea. Nchi ilikuwa imepanuliwa mara tatu, lakini ukitembea nusu saa hukutani na kitu, na ukikutana na mtu anakwambia maneno yale yale aliyokwambia mwenzake wa kijiji cha jana. Farasi alizama ardhini hadi masikio. Kila aliyeomba msaada alitaka uue mbwamwitu kumi ulete ngozi. Nyumba huwezi kujenga tena. Na Sarna, aliyemsubiri kwa miaka minne, alionekana dakika ya tano, mshale ukampata, akaanguka kimya. Hakusema hata neno. Gemu ikaendelea kama vile amekanyagwa kuku.

Halafu kile Kiswahili. Upinde wa kurushia mishale ulikuwa umeandikwa "Inama". Mfalme wa kiume aliitwa "Mama Mtukufu". Askari aliyekuwa anakufa alisema, "Mimi ni baridi, niambie nyumba yangu."

Jumamosi Mniko aliketi mbele ya kamera akaongea dakika ishirini na mbili bila kupumzika. Hasira ilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Karibu na mwisho alionyesha orodha ya majina ya waliotengeneza gemu, akaisimamisha penye Kiswahili. Palikuwa na jina moja tu.

"Nyamburi Magige," alisoma. "Jamani, huyu si mzungu. Huyu ni wa kwetu Mara! Dunia nzima imetupa nafasi moja, na dada huyu ametuvua nguo. Mnaomjua, mwulizeni alisomea wapi Kiswahili."

Ndani ya siku tatu video ilitazamwa na watu laki moja. Mniko hakuwahi kuona kitu kama hicho. Simu yake ilikuwa ya moto. Pale Mwigobero, alikokuwa anatengeneza friji ya wauza samaki, kijana asiyemjua alimpungia mkono akapiga kelele, "Mimi ni baridi, niambie nyumba yangu!" Mniko alicheka naye.

Siku ya nne Judith alirudi kutoka shuleni, akaweka mkoba mezani, hakuvua hata viatu.

"Baba Sara," alisema, "yule Nyamburi unamjua?"

"Ninamjua wapi?"

"Mimi ninamjua. Nilisoma naye sekondari, tulilalaga kitanda kimoja, yeye juu mimi chini. Leo walimu wenzangu wamezunguka simu wanacheka, nikachungulia, nikaona ni sauti ya mume wangu."

Mniko alisema yeye aliongelea kazi, hakumtukana mtu.

"Umesema mnaomjua mwulizeni. Wamemwuliza. Nimempigia, amepokea baba yake. Namba yake imesambazwa, picha yake ya mahafali imesambazwa, watu wanampigia kutwa wanamtukania mpaka mama yake aliyekwisha kufa. Mzee anasema siku ya nne hii hali chakula." Judith alianza kulia. "Na kuna shule ilikuwa imwajiri afundishe Kiswahili. Wamemwambia asubiri kwanza."

 Mniko aliketi akausugua mguu wake uliovunjika zamani, kisha akauliza nyumba yao ni wapi.

Kesho yake alipanda gari hadi Makutano, akachukua bodaboda kuingia Butiama. Nyumba ya mzee Magige ilikuwa na uzio wa minyaa. Mzee mwenyewe alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ninaitwa Mniko, natoka Musoma. Ni mimi niliyetoa ile video."

Mzee alisimama na panga mkononi. Kisha akalichomeka kwenye rundo la majani, akalisogelea dirisha.

"Nyamburi! Aliyekutukana yuko hapa. Unataka aje au nimfukuze?"

Sauti ya mwanamke ikasema, "Aje."

Alikuwa mwembamba, amejifunga khanga kichwani, macho yamevimba. Hakumkaribisha kiti. Mniko alianza kusema alichokipanga njiani, Nyamburi akamkatiza.

"Kaka, uliicheza yote?"

"Karibu yote."

"Mimi sijaiona. Kompyuta yangu haiwezi kuifungua. Nimeiona kwenye video yako tu."

Mniko hakuelewa. Nyamburi alileta kompyuta ndogo yenye ufa kwenye kioo, akamfungulia jedwali refu. Mistari elfu thelathini na nane, alisema, kwa majuma matano. Hakuna picha, hakuna maelezo nani anasema na nani. Kwa Kiingereza neno la upinde na neno la kuinama huandikwa sawasawa, na mfalme na malkia huitwa kwa heshima ile ile. Aliandika maswali mia nne. Yalijibiwa kumi na moja.

"Lakini upinde nilijua ni upinde," alisema. "Tazama."

Katika jedwali ilikuwa imeandikwa Upinde. Ya askari anayekufa ilikuwa: "Nasikia baridi. Wasalimie nyumbani." Alimwonyesha mistari mingi namna hiyo. Baada ya yeye kuikabidhi kazi, kampuni iliipitisha kwenye mashine ya kutafsiri kuifupisha ili ienee kwenye vioo vidogo, na hakuna aliyemrudishia asome. Jina lake tu ndilo hawakuligusa.

"Mimi nilipenda ile ya kwanza," alisema. "Nilichezaga kwa binamu yangu, likizo. Ndiyo maana niliiomba hii kazi. Kuna mahali Sarna anakufa."

"Sarna hakusema kitu," Mniko alisema.

"Alisema. Wamekata."

Aliutafuta mstari akamsomea. *Usinililie njiani, mwanangu, mguu wako ukijikwaa nani atakushika? Nenda. Mimi nimeshafika.*

Mniko aligeuza uso akatazama uzio. Kisha akasema angeonyesha jedwali lile kwa watu wote, leo leo, kila mtu aone.

"Huwezi. Nilisaini mkataba. Nikilionyesha wananishitaki. Hata wewe sikutakiwa kukuonyesha."

"Basi nitaifuta video."

"Futa. Na zile walizokwisha kuzikata vipande, utazifuta wewe?" Hakuwa amepaza sauti. "Ulikuwa umekasirika, nimekuelewa. Hata mimi nimekasirika na ile gemu. Ila wewe ulikuwa na watu laki moja nyuma yako, ukawaonyesha mtu mmoja."

Mniko aliomba msamaha.  Nyamburi alisema kama anataka kufanya kitu, waende pamoja kwa mkuu wa ile shule, amweleze kwa mdomo wake mwenyewe.

Walikwenda Jumatatu. Mkuu wa shule aliwapokea vizuri, akawasikiliza hadi mwisho, akamsifu Mniko kwa ujasiri. Kisha akasema nafasi imejazwa tangu Ijumaa.

"Mwalimu Nyamburi, usivunjike moyo," alisema. "Tatizo ni wanafunzi. Wote wana simu. Ungeingia darasani wangeanza na ile ya baridi."

Nje ya geti Nyamburi alisimama akavuta pumzi kama aliyebeba mzigo. Mniko alisema samahani tena. "Usiseme tena hiyo," alimjibu, akapanda bodaboda akaenda zake.

Mniko alirekodi video nyingine. Hakutaja jedwali wala mkataba. Alisema tu kwamba alimsema vibaya mtu asiye na kosa, kwamba ubovu ule si wake, kwamba ana uhakika lakini hawezi kusema ameujuaje, na kwamba anaona aibu. Wengi hawakumwamini. Waliandika kwamba kampuni imemnunua, wengine kwamba dada yule ni hawara yake. Judith naye alizisoma komenti hizo. Elfu mbili walijiondoa kwenye chaneli. Ile video ya kwanza aliifuta, ila kipande cha askari wa baridi bado alikisikia kwenye simu za watu barabarani, na kila alipokisikia alivuka upande wa pili.

Kampuni ilitoa marekebisho mwezi uliofuata. Farasi hawakuzama tena. Kiswahili walikiondoa kabisa.

Miezi mitatu baadaye Judith alimwambia kwamba Nyamburi amepata kazi ya kusahihisha vitabu vya watoto kwa mchapishaji mmoja wa Mwanza, anafanyia nyumbani. Namba ya simu alibadilisha.

"Amenisamehe?" Mniko aliuliza.

"Hajasema. Nami sijamwuliza."

Jioni ile ile alikuta ujumbe wa mtu aliyejitambulisha kwa jina la Alfonce. *Kaka Mniko, mimi nilikuwa mmoja wa waliompigia yule dada. Nilimwambia maneno mabaya sana. Namba yake bado ninayo. Nimpigie nimwombe radhi?*

Mniko alijua namba ile Nyamburi ameshaiacha. Binti yake Sara alikuwa anamwita mezani, chakula kinapoa. Mniko aliandika, *Usimpigie. Namba ifute, na picha yake ukikuta mtu anaisambaza, mwambie aache.* Aliusoma mara mbili, akautuma, akaenda kula.