Mtoro wa Darasa la Jioni

Katika darasa letu la jioni pale Pangani sheria ilikuwa moja: ukikosa siku tatu bila sababu, Mwalimu Abrahamu huandika "mtoro" mbele ya jina lako, kisha hulikata. Mimi, Mselem, mkata boriti wa miaka hamsini na mbili, nilikuwa nimekosa tatu kamili. Mtihani ulikuwa wiki ijayo, nami nilikuwa nimeuombea kila swala mwaka mzima.

"Mselem, mtoro," akasoma.

Idarusi, mpakiaji wa bandarini aliyependa kututajia nasaba yake hadi Hadhramaut, akacheka. "Kaingia mitini huyo."

"Sababu ninayo," nikasema, kisha nikasita.

Sababu ilikuwa mikokoni kweli. Mzungu mmoja mchunguzi wa mambo ya kale alikuwa akichimba kwenye kilima kikavu katikati ya mikoko, walikojificha watumwa waliotoroka mashamba ya miwa. Mimi nilimwongoza, na kila jioni maji yalijaa tukakwama. Sikumwambia kwamba babu yangu alikuwa mmoja wa watoro wale. Sikuwa nimepata kumwambia mtu.

Siku ya tatu tulifukua ukuta mfupi wa mawe, katikati una nusu duara.

"Jiko," akasema yule Bwana Mzungu, akaandika daftarini mwake.

"Jiko gani lisilo na jivu, Bwana?"

Nikatazama jua. Nusu duara ilielekea kaskazini, kibla hasa. Nikamwomba maji yake ya kunywa, nikatawadha, nikasimama humo. Mabega yakaenea. Nikasali alasiri. Nilipotoa salamu, Bwana alikuwa amekaa kando, kofia mkononi, na lile neno "jiko" amelifuta.

"Sababu huandikwa," akasema Mwalimu, akanipa chaki.

Nikaandika ubaoni, herufi zikienda upande kama kaa: "Nilikuwa msikitini kwa babu. Babu alikuwa mtoro."

Idarusi akaisoma silabi kwa silabi. Alipofika mwisho hakucheka. "Watoro walikuwa na msikiti?"

"Na safu, ndugu yangu. Kwa uvivu wako ungesali ya nyuma."

Darasa likacheka, naye akacheka.

Mwalimu akachukua raba kulifuta lile neno "mtoro" daftarini.

"Niwekee alama ya kuwepo, Mwalimu," nikasema, "lakini neno uliache."

Akanitazama. Akaweka alama, na raba akairudisha mfukoni.