Mwanafunzi wa Kumi na Mbili

Hadi saa mbili na nusu asubuhi, majina yalikuwa tisa. Mwalimu wa historia aliyahesabu tena kwa ncha ya kalamu, kana kwamba jina la kumi lingejitokeza kwa aibu, kisha akakunja karatasi na kuitia mkobani.

Waraka ulikuwa umebandikwa mlangoni tangu wiki iliyopita: somo lolote lisilofikisha wanafunzi kumi na wawili kabla ya saa kumi alasiri leo litafutwa. Idara ya historia ilikuwa imebakiwa na somo hilo moja tu. Mengine yalikwenda moja moja, kama meno ya mzee. Mkuu wa idara, ambaye alibakiza miezi mitatu astaafu, alikuwa ofisini akifunga vitabu vyake kwa kamba.

"Mama, usijichoshe," alimwambia. "Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika. Bado watatu tu."

Akatoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na wanafunzi walimwita Mama Tarehe, ingawa katika miaka ishirini na nne hakuwahi kumtungia mtu mtihani wa kutaja tarehe. Somo lake lilihusu watu wa kawaida: makuli, mayaya, wapishi, wachimba mitaro. Watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wa kumi alimpata kwenye foleni ya maabara ya kompyuta, kijana wa uhandisi aliyekuwa amebakiza somo moja la hiari.

"Kuna mahesabu?"

"Hakuna."

"Basi niandike, mwalimu. Kichwa kimeshawaka moto."

Wa kumi na moja alikuwa mlinzi wa getini, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyesoma masomo ya jioni kwa ruhusa ya mkuu wake wa zamu. Alimsikiliza huku akiinua na kushusha kizuizi cha magari.

"Baba yangu alijenga reli," alisema. "Alikufa hajatusimulia hata walikuwa wanalala wapi. Hayo yamo?"

"Ndiyo hayo hasa."

Mlinzi akaegemeza rungu ukutani, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu.

Ilipofika saa nane na nusu alikuwa bado na kumi na moja. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Alikuwa ameshasimama mbele ya madarasa matano na kuambiwa "tutaona, mwalimu," na kila mtu anajua maana ya tutaona. Ndipo alipomkumbuka msichana wa fotokopi.

Msichana huyo alisomea uhasibu mwaka wa pili, na mchana alifanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi nyuma ya maktaba. Muhula uliopita alikuwa akiingia darasani kwa Mama Tarehe bila kujisajili, akikaa nyuma, na maswali yake ndiyo yaliyokuwa yakimfanya mwalimu arudi nyumbani akiwa bado anafikiri.

"Nafasi ninayo," alisema msichana, akipanga karatasi zilizokuwa bado na joto la mashine. "Lakini nyumbani wataniuliza historia inaliwa na nini. Wanataka nichukue kodi."

"Kodi utaisoma muhula ujao. Hili halitakuwepo tena."

Msichana akaichukua kalamu. Akaiweka ncha juu ya mstari wa kumi na mbili, akasita.

"Mwalimu, nikuulize kitu? Mwanao anasoma nini?"

Ilikuwa rahisi kusema uongo. Msichana asingejua kamwe. Lakini mwalimu alijiona mezani jikoni kwake, miaka miwili iliyopita, bintiye akiwa ameijaza fomu ya chuo na kuandika Historia katika nafasi ya kwanza. Yeye, mama, ndiye aliyeuchora mstari juu ya neno hilo.

"Hii haitakulisha," alimwambia siku hiyo.

"Kwani wewe mama huishi?"

"Naishi. Lakini usiniige."

Bintiye hakubisha. Tangu hapo hakuuliza tena habari za makuli wala wapishi. Akija likizo huongea juu ya hali ya hewa, huosha vyombo, hulala mapema.

"Anasoma ununuzi na ugavi," mwalimu alisema. "Mimi ndiye niliyemchagulia. Yeye alitaka hili."

Mashine ilitoa karatasi mbili, tatu. Msichana akairudisha kalamu juu ya meza, polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Asante kwa kunieleza kweli, mwalimu," alisema. Na hakumtazama tena.

Ofisi ya usajili ilikuwa na dirisha moja tu lililofunguliwa. Karani alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyehitimu historia kwa alama nzuri. Alisimama alipomwona.

"Kumi na moja," mwalimu alisema, akisukuma karatasi chini ya kioo.

"Mfumo unataka kumi na mbili, mwalimu."

"Na wewe unataka wangapi?"

Karani aliangalia skrini, akaangalia mikono yake. "Mimi sina kitufe cha kuupita," alisema kwa sauti ndogo.

Saa kumi ilipogonga, mstari wa somo ukageuka kijivu kwenye skrini.

Wanafunzi walikuwa wakimngoja chumba namba nne, kama alivyowaagiza. Aliwaambia. Mmoja akauliza sasa wafanyeje, maana dirisha la kubadili masomo lingefungwa saa kumi na moja, na mwenye pengo angepoteza muhula mzima. Mwalimu akavuta kiti katikati yao. Akawasaidia kujaza fomu mmoja mmoja: huyu ujasiriamali, yule masoko, yule wa uhandisi uongozi wa miradi. Aliwasahihishia hata tahajia.

Mlinzi alibaki wa mwisho, kofia mapajani.

"Na wewe, mwalimu, watakupeleka wapi?"

"Stadi za mawasiliano. Nitafundisha namna ya kuandika barua ya kuomba kazi."

Mlinzi alitaka kucheka, akaona mwalimu hacheki. Akaivuta fomu.

"Basi niandike huko huko."

"Kazi unayo tayari, baba. Barua ya nini?"

"Si barua," alisema mlinzi. "Labda siku moja wanafunzi wakitoka wote, utanieleza baba na wenzake walikuwa wanalala wapi."

Mwalimu akaandika jina lake. Yule wa uhandisi, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi na fomu yake, akaomba kifutio afute uongozi wa miradi.