Wafalme Wawili wa Mwalimu

Karata tatu zilibaki mkononi mwa mshonaji, na vidole vilivyozoea kutunga uzi kwenye sindano bila taa vikawa vizito kama vya kuazima.

"Bi Sindano, tunazeeka hapa," mwalimu mstaafu alimtania kutoka kulia kwake. "Au umelala macho wazi?"

"Wewe ulishazeeka kitambo, mwalimu. Usinisingizie mimi."

Shemeji yake mwalimu, aliyeketi kushoto kwa mshonaji, akacheka. Mfamasia hakucheka. Yeye ndiye mwenzake mshonaji, na kwa kuwa briji ndivyo itakavyo, alikwisha kutandaza karata zake mezani, hana la kufanya ila kutazama. Kabla hawajaketi alimwambia bila kuzungusha maneno: "Tukishindwa leo, mama, nitatafuta mtu mwingine wa Alhamisi."

Alhamisi. Siku nyingine zote, sauti iliyomjibu nyumbani ilikuwa ya cherehani.

Enzi za marehemu, mume ndiye aliyecheza. Mshonaji alitandaza zake, akaenda kuchemsha chai. Miaka thelathini hakuuona mwisho wa mchezo. Alijifunza baada ya mazishi, akigawia karata watu wanne juu ya meza ya kukatia nguo, akihama kiti hadi kiti, akijishinda mwenyewe na kujilaumu mwenyewe.

Leo aliahidi kula mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Mmoja mwalimu alishaula kwa ree ya uru. Wa kupoteza tena hakuna. Mkononi alikuwa na turufu ya mwisho, malkia wa uru na kopa ndogo. Mezani, kwenye karata za mfamasia, palikuwa na ree na malkia wa kopa, na pau moja isiyo na kazi. Njia nyepesi ilikuwa kucheza kopa ndogo, kumweka malkia, na kuomba mfalme wa kopa awe kwa shemeji. Macho ya mfamasia yalimsihi afanye hivyo.

Lakini wakati wa kutoa ahadi, mwalimu ndiye aliyetangulia kusema, na mwalimu si mtu wa kufungua kinywa mikono mitupu. Basi wafalme wote wawili, wa kopa na wa uru, wako kwake. Kitendawili: nyumba yangu ina milango miwili na mlinzi mmoja.

Akaweka turufu.

Mfamasia alifumba macho. Shemeji akatupa ovyo. "Toa pau," mshonaji alimwambia mwenzake, kisha wote wakamgeukia mwalimu.

Mwalimu, asiye na turufu wala karata ya ziada ya kutupa, aligusa karata hii, akaiacha; akagusa ile. Akimtupa mfalme wa uru, malkia wa mshonaji anapita. Akitupa kopa ndogo, mfalme wa kopa anabaki uchi, hana wa kumkinga.

"Umenibana, mama," alisema taratibu, akatupa kopa.

Mshonaji akacheza kopa yake. Ree ikamwangusha mfalme, malkia akamaliza.

"Alhamisi saa nane," mfamasia alisema, akipangusa miwani. "Usichelewe."

"Lakini ulijuaje?" mwalimu aliuliza.

Mshonaji akazikusanya karata zote, akazipanga upya, akaanza kueleza tangu ya kwanza kabisa, hata zile zisizohitaji maelezo. Alieleza polepole. Mlangoni mwenye funguo za ukumbi, aliyetaka kufunga, alikohoa, lakini maadamu alikuwa anasema, hakuna aliyesimama.