Kuku wa Kuombea Maji

...na bado ni muziki, kinanda kile kile kinapanda kinashuka, halafu yule dada wa kwenye simu anarudi na sauti yake ya kupaka mafuta, mpendwa mteja, simu yako ni muhimu sana kwetu, tafadhali endelea kusubiri, muhimu gani, Valence anamjibu kimoyomoyo, muhimu gani wewe dada, kama ningekuwa muhimu ungenipunguzia maji, maana mimi hapa nimesimama ukingoni na jeneza la mama yangu liko juu ya viti viwili vya kuazima, watu wote wa msiba wananitazama kisogo, na mto Lukunju, ambao leo asubuhi ungeuvuka kwa kurukia mawe na kandambili zako zikabaki kavu, umejaa pomoni, mwezi wa kumi huu, jua linachoma, mvua hata harufu yake hatujaisikia, wapi umewahi kuona mto unafurika kiangazi, labda hapa kwetu tu, kwa sababu huko juu wana bwawa, na bwawa lina milango, na milango inafunguliwa mijini wakitaka umeme, mijini wanapika, wanapiga pasi, wanatazama mpira, na sisi huku, ambao nguzo zimepita juu ya migomba yetu bila kutuachia hata taa moja, tunaletewa maji ya kuzuia maziko... Na king'ora cha bwawa kililia, tusiwasingizie, kililia kweli, lakini kwaya ilikuwa imepamba moto kwenye kiitikio, Katekista Hironimus anapunga mikono, nani angesikia, tumefika mtoni na wimbo mdomoni tukakuta mawe yameshazama. Na Remmy, Mungu nisamehe, Remmy mtoto wa mama mdogo amesimama pale na kuku kwapani, kuku mzima, anapepesa macho kama na yeye ni mfiwa, kuku wa kuombea maji, maana hiyo ndiyo desturi iliyozaliwa na bwawa, wazee wetu hawakuijua, mwenye harusi, mwenye msiba, mwenye mtoto wa kipaimara, wote wanampelekea kuku Jumanne mlinzi wa milango, Jumanne wa Tunduru, mtu wa watu, anampokea kuku kwa mikono miwili, anauliza watu wako watavuka saa ngapi, anasema inshallah, na maji hayafunguliwi mpaka mtu wa mwisho amekanyaga ng'ambo. Remmy katumwa alfajiri. Kafika, kakuta uzio mpya, kufuli, kamera juu ya nguzo, mtu hakuna, mtu mwenye akili angefanyaje, angekimbia kurudi kusema, yeye kakaa chini kungoja, eti nilidhani Jumanne amekwenda kuswali, swala gani ya asubuhi mpaka mchana, mpaka mpita njia mmoja akamwonea huruma akamwambia Jumanne alishahamishwa, siku hizi milango inafunguliwa kwa kompyuta, mtu kakaa mji wa mbali huko anabonyeza. Na kompyuta haili kuku.

Mpendwa mteja, anasema dada, na nyuma yake Otto anasema Kaka, lakini Valence anainua kidole, ngoja, ngoja kwanza, kana kwamba kuna mtu anakaribia kupokea, hakuna mtu, anajua hakuna, namba hii anaijua kwa kichwa, ndiyo anayoipigia umeme ukikatika dukani kwake Songea mjini, pale karibu na stendi anapouza friji na maspika, anapiga akifoka, ongezeni umeme, mnatuua sisi wafanyabiashara, leo huyo huyo anataka awaambie wapunguze, si watamcheka, na wakimcheka watakuwa na haki, lakini haki yao wakaile huko huko... Alipopokewa mara ya kwanza, kijana mmoja mwenye haraka alimwambia maji yatapungua usiku, mahitaji yakishuka, mzee, vuta subira, akakata. Usiku! Usiku hatuziki, kijana, mtu hafukiwi gizani kama mbwa aliyegongwa na lori. Na kurudi nyumbani hakuna, jeneza likishatoka mlangoni halirudi, wanawake wameshafagia nyumba yote, kitanda chake wamekigeuza miguu juu, majivu wameyamwaga, mama hana tena mahali pa kulala upande huu, na upande ule kaburi liko wazi, limechimbwa tangu asubuhi, wachimbaji wamekalia udongo wanapiga kelele zisizosikika, wanaonyesha jua, ndiyo, jua tunaliona, na sisi tuna macho, na kaburi nalo halilali wazi, likilala wazi linaita mwingine, kila mtu hapa anajua hivyo, ndiyo maana Emerensiana dada yao amekaa juu ya mkeka anamtazama yeye tu. Kaka, anarudia Otto, na sauti yake imebadilika, na Valence anageuka, anamwona mdogo wake amevua viatu, amekunja suruali mpaka magotini, na vijana sita nyuma yake nao wamekunja, wanakwepa macho yake, Otto fundi ujenzi ambaye tangu utotoni haelewi neno subiri, anasema kamba ipo, tutamfunga mama kwenye ngazi ya mbao, tutashikana, maji ni ya kifuani tu. Ya kifuani sasa hivi, Otto, na dakika ijayo je, mto huu si ule tuliokulia, ule ulikuwa unapiga hodi, unachafuka kwanza, unaleta majani, unakuonya, huu unaongozwa na kidole cha mtu asiyekuona, Oliva wa jirani alikuwa anafua hapa hapa mwaka juzi, maji ya kifundo cha mguu, wamekuja kumpata kule chini kwenye matete, na alikuwa anaogelea kuliko wewe. Nikisema ndiyo nitazika wangapi. Nikisema hapana, mama nimweke wapi.

Maana mama alisema. Alisema wote watatu wakisikia, sauti imebaki uzi, mnilaze karibu na baba yenu, nimelala mbali naye vya kutosha, na mtu asilowe kwa ajili yangu, nimewafulia nguo za kutosha pia, akacheka, akakohoa, ndiye mama huyo, utani mpaka kwenye kitanda cha mauti, na Valence akasema nakuahidi, ahadi ya kipumbavu gani hiyo, umemwahidi mtu mambo mawili na mto umeweka mguu katikati, chagua, mtoto wa kwanza, chagua, si ndiyo kazi yako, kula firigisi na kuchagua. Na baba naye, anastahili lawama zake, kwa nini alazwe ng'ambo, kwa sababu kule ni mahame, kule ndiko tulikokuwa kabla ya vijiji vya ujamaa, wakatuhamisha watu, makaburi hawakuyahamisha, na baba akaapa nikifa nirudisheni kwetu, mbishi yule, mbishi wa kutupwa, wakati wa kuhama watu wote walivuka na mabati na mbuzi wao, yeye akagoma, akafunga mlango akakaa ndani peke yake, mgambo wamekuja, wamemtisha, wameng'oa paa, akakaa chini ya nyota, mjumbe akambembeleza, padri akambembeleza, wapi. Na mama... Valence alikuwa mdogo lakini hili analiona kama jana, mama hakuvuka kwenda kumbembeleza, hakumwita, alikaa upande huu, hapa hapa, akawasha moto pale juu kwenye kichuguu ambapo baadaye palikuwa shamba lake la mahindi, akapika, akatulisha, akabakiza sahani moja iliyofunikwa, kila jioni, akaketi kuelekea mtoni, watu wakamcheka, na jioni moja baba huyo anakuja majini na kigoda chake kichwani, mbele ya mgambo wote waliomshindwa, analowa mpaka kiunoni, anaketi, anafunua sahani, anakula. Wanasema serikali ilimhamisha. Serikali gani, alihamishwa na mama, na mama hakuinuka pale alipokaa.

Mpendwa mteja, simu yako... na Valence anaishusha simu, dada anaendelea kubembeleza ndani ya kiganja chake, maji hayajapungua hata unene wa kidole, jua lile lile, viti vile vile vya kuazima, na kumbe alikuwa anahangaikia upande usio wake, mama ameshasema, karibu na baba yenu, hakusema nani amfuate mwenzake, na hajawahi kumfuata, itahitajika ukoo ukubali, baba wadogo watapiga kelele, atataka kibali cha kufukua, atalala mlangoni kwa bwana afya ikibidi, hata mwaka uishe, mifupa haina haraka, na siku hiyo watavuka mchana kweupe maji yakiwa chini, na kama ni kompyuta atajua pa kuipata, ameipigia vya kutosha. Machozi ndiyo yanakuja sasa, baada ya siku zote hizi za kuhesabia watu sahani, yaje tu.

"Kaka," anasema Otto, "tunavuka au hatuvuki?"

"Vaa viatu," anasema Valence. "Wapigieni simu wachimbaji, waangushe mgomba waulaze kaburini badala ya mama, walifukie. Nyie leteni majembe pale kichuguuni, na muache nafasi ya mtu mmoja ubavuni." Otto anafungua mdomo kubisha, anamtaja baba, na Valence anamwekea mkono begani. "Mama havuki," anasema. "Baba ndiye atakayevuka. Anaijua njia."