Mkono Uliozoea Maziwa

Alfajiri, gizani, kifuniko cha chupa ya maziwa kililia krik. Mama akadondosha tone juu ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, akalisikiliza. Vuguvugu. Hakuwasha taa, maana mkono ule ulikuwa umewapimia maziwa watoto wawili bila kukosea hata siku moja, na ulianza kujiona fundi.

Jioni aliuchukua mkono huohuo akaenda nao darasani.

Darasa la watu wazima liliazima maabara ya shule ya mchana, pamoja na viti vyake virefu na harufu yake ya gesi. Mwalimu wa kemia walimwita Koti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila koti jeupe. Sheria zake zilikuwa nyingi, lakini moja ilizikalia nyingine: anayejiumiza kwa uzembe haingii mtihani wa vitendo mpaka apimwe upya. Bila mtihani huo hakuna cheti, na bila cheti chuo cha uuguzi kingempa mtu mwingine ile nafasi aliyoililia mama huyu tangu siku alipojifungua mara ya kwanza.

Kazi ilikuwa kupasha joto chupa ndogo ya asidi hafifu ndani ya bakuli la maji lililokuwa juu ya moto. Kipimajoto kililala mbele yake. Mama akavuta asidi kidogo kwa kibomba cha kioo, akadondosha tone juu ya kifundo, akainamisha kichwa.

"Bado kidogo," akasema.

Mlinzi wa usiku, mwenzake wa meza, akaweka kalamu chini.

"Mama Bibi," akauliza taratibu, akimwita kwa jina la bintiye, "unataka kumnyonyesha nani?"

Koti hakucheka. Alimshika kiwiko, akampeleka kwenye sinki, akafungulia bomba, kisha akaegemea ukuta kama mtu anayesubiri gari. Maji yalitiririka mpaka vidole vikakunjamana kama vya dobi. Lilibaki doa jekundu, kubwa kama haragwe.

"Kipimajoto kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea, mwalimu. Nimekisahau."

"Hukukisahau. Hukukiamini. Hii hafifu imekusamehe; ile kali haimjui mama wa mtu. Kesho utarudia mbele yangu kabla ya wenzako kufika. Ukijidondoshea tena, mtihani tutaonana mwakani."

Wakati wa kutoka, mlinzi alimpa ushauri bila kuombwa. "Mimi lindoni usingizi ukija nashika funguo. Mkono upe kazi, dada. Mkono usio na kazi unazurura."

Kesho yake jirani alikubali kubaki na mtoto mmoja tu, akamchagua yule asiyejua kusema. Kwa hiyo Bibi, binti wa miaka mitano aliyepewa jina hilo kwa sababu ya maneno yake ya kizee, alikwenda na mama. Koti alimkalisha kwenye benchi la nje, akamwonyesha kizingiti.

"Hapa mtoto havuki."

"Hata akikimbizwa?"

"Hata akikimbizwa."

"Basi nitakimbilia huku," Bibi akasema, akaonyesha upande wa pili.

Ndani, mama alivaa miwani, akafunga nywele, akafunga vifungo vya koti lake. Mkono wa kushoto akaukabidhi pindo la koti, ukalishika kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Wa kulia ukafanya kazi zote. Mvuke ulipoanza kupanda, wa kushoto ukaachia pindo. Ukapanda hadi usawa wa tumbo. Koti akaacha kupepesa macho.

Mama akautazama mkono wake kama anavyomtazama mwanawe mbele ya wageni. Ukashuka. Akainama, akasoma kipimajoto kwa sauti, akazima moto.

"Nimeuona ukitaka kwenda," Koti akasema.

"Ulitaka, mwalimu. Haukwenda."

Koti akachukua kipimajoto, akakifuta. "Kutaka hakukatwi alama. Jumatatu uje mapema."

Mama akanawa mikono yote miwili kwa sabuni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufurahi. Alipotoka, wanafunzi wenzake walikuwa wanapanda ngazi, mlinzi akiwa mbele. Mama akamnong'oneza Bibi sikioni.

Bibi akapanda juu ya benchi, akasubiri mpaka wote wakafika.

"Mama yangu atafanya mtihani Jumatatu."