Sitaki, kwa Kiswahili

Kwetu Wagujarati uchumba hufungwa kwa sukari guru. Wazee wa pande zote wakishatia mdomoni kipande kilichochanganywa na mbegu za giligilani, basi, umeshaolewa. Kinachobaki ni kuchagua sare za harusi. Ndiyo maana Jumapili ile, nilipomwona mama anatoka jikoni na sinia la fedha lenye sukari guru, moyo ulinilipuka. Hata chai hatujamaliza!

Ilikuwa mwaka 1994. Wageni walitoka Leicester, Uingereza: Dipesh, kijana mpole aliyevaa suti ya sufu katika joto la Moshi, na mama yake, Sarla, aliyezaliwa mjini hapahapa akaolewa huko. Kila mtu aliniambia nitafurahi Leicester. Hakuna aliyeniuliza kama nafurahi hapa, nyuma ya kaunta ya duka letu la pembejeo, ambako wakulima wa Uru hawanunui bomba la kupulizia dawa ya kahawa bila kugombana nami kwanza. Nilifurahi mno, kama kuna anayetaka kujua.

Nikasema kwa Kigujarati, kwa adabu zote, "Mama, mimi sijakubali."

Sebule nzima ikacheka. Shangazi akanifinya shavu. "Mnaona? Huyu amelelewa vizuri."

Hapo nikaona nilivyojitega mwenyewe. Kwetu binti mwenye heshima hukataa kwanza. Akikubali upesi, watu hujiuliza ana haraka ya nini. Nikarudia kwamba sitaki. Wakazidi kupendezwa. Nikainamisha kichwa kuficha hasira, wakadhani naona haya. Kadiri nilivyokataa, ndivyo nilivyozidi kuolewa.

Sinia likafika kwa Mama Sarla. Akachukua kipande.

Nikasimama. Safari hii nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ninayoitumia dukani mtu anapotaka kunirudishia bomba alilolivunja mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Naomba usile hicho. Sioni haya wala sijivungi. Mwanao sina ubaya naye, ila simtaki, na Leicester siendi. Mkitaka niende, mtanibeba."

Kicheko kikakatika. Kwa Kiswahili hakuna aliyeweza kudai kwamba naona haya, maana ndugu zangu wote walishanisikia dukani. Dipesh peke yake hakuelewa. Alitutazama mmoja mmoja, kikombe mkononi.

"Nayna!" baba akafoka. "Omba msamaha sasa hivi!"

"Kwa kelele naomba msamaha, baba. Kwa nilichosema, siombi."

Nampenda baba yangu, na nilikuwa nimemwaibisha nyumbani kwake, mbele ya wageni. Iliniuma. Lakini hata neno moja nisingelirudisha. Mama alinikodolea macho, sinia mikononi, nami nikabaki nimesimama. Kama ni kufukuzwa, wanifukuze nikiwa wima.

Mama Sarla alikuwa bado ameshika kile kipande. Akanijibu kwa Kiswahili kizito, cha mtu aliyekaa miaka mingi bila wa kuzungumza naye.

"Marahaba, mwanangu." Akakirudisha kipande kwenye sinia, akajifuta vidole. "Mimi nilikataa kwa Kigujarati. Walicheka hivihivi."

Akamgeukia mwanawe, akamwambia avae viatu.