Ng'ombe wa Nani Katika Chemchemi?

Jumatatu, tarehe nne Mei, 1964. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika, ukungu umelala bondeni chini ya Oyugis, na matope yakivuta viatu.

Mzee Javan, mwenyekiti wa kamati ya maji, alivaa koti lake la kanisani. Bwana Machuki, afisa wa kaunsili, alikuwa anakuja kuamua kama watapewa pesa za serikali za kujengea chemchemi na kuchimba makinga maji kilimani, ili mafuriko yasizidi kushusha tope na samadi kwenye maji ya kunywa. Kila masika watoto waliharisha. Sharti lilikuwa moja: ng'ombe wasikanyage chemchemi.

Walipofika chemchemini, wanakijiji wakiwafuata, ng'ombe mwekundu alikuwa amesimama katikati ya maji, huku anakunywa, huku anakojoa.

Javan alipandwa na hasira takatifu. Alikuwa amejifunza kusoma uzeeni, kwenye madarasa ya ngumbaro ya watu wazima, na tangu hapo hakuacha neno kubwa lipite bure. Akavua kofia, akaomba kwa sauti: "Ee Bwana, mfichue mharibifu huyu! Asipate pa kujificha!"

Kwa kawaida maombi ya Javan yalichelewa kujibiwa. Hili halikuchelewa hata kidogo.

"Jaduong', mzee wangu," akasema Truphena, jirani yake mjane, "huyo ni wako."

"Wangu? Mimi sina ng'ombe mwekundu!"

"Alizaliwa na yule mtamba uliyeniwekea nikufugie. Ulisema nisimwambie mtu, mashemeji wasije wakaomba."

Shemeji yake Cephas akakohoa nyuma ya afisa. "Kumbe! Na kwenye matanga ya mama ulituletea kuku, ukasema huna ng'ombe."

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Javan akatamani kuliomba lile ombi lirudi, lakini lilikwisha pokelewa.

Machuki hakucheka. "Mifugo yenu haina pengine pa kunywa. Nikiondoka hivi, pesa zitakwenda kwa wengine."

Pengine palikuwepo: shamba la Javan, chini kidogo ya chemchemi. Kamati ilikuwa imemwomba alitoe, naye akajibu kwamba bado analiombea. Wakati akiomba, alilipanda mahindi.

Javan akaingia majini na koti lake, akamshika ng'ombe pembe. Ng'ombe hakutikisika.

"Bwana Machuki, na ninyi nyote mnaonicheka, sikieni! Shamba langu la chini nalitoa lijengwe birika la mifugo. Kesho nitang'oa mahindi kwa mikono yangu mwenyewe. Shemeji, Truphena, ninyi ni mashahidi: nisipofanya hivyo, ng'ombe huyu mchinjeni mle."